Tanki la kuelea, masaji, mvuke au ziwa letu: kipi kinatuliza mwili kweli?

Karani wa Kirumba (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Napiga hesabu kiwanda cha samaki, na ikifika kufunga mwezi shingo inakaza hadi kugeuka kutazama kama bodaboda inakuja ni shughuli. Usingizi nao wa mang'amung'amu. Hivi karibuni natumwa Cape Town kwa mafunzo, na mwenzangu aliyetangulia ananishikia bango nikajaribu tanki la kuelea: unalala chali kwenye maji ya chumvi, gizani, kimya, saa nzima. Bei yake si ya kitoto. Nitoe hela, au nibaki na masaji ya hapa mjini, chumba cha mvuke, au nijitose ziwani Jumapili bure? Walioonja tu, tafadhali.

Mpiga Kasia
Mtu wa Mwanza alipie maji! Mimi nalala chali ziwani, natazama mwewe wanavyozunguka juu ya mawe, nikitoka nimekuwa mwepesi. Sijawahi kudaiwa risiti.

Nesi Mkolani
Kaka Kasia, risiti yako tutakupa sisi, maana kichocho hakikosi wateja huku. Konokono wanaobeba vimelea wanapenda ukingoni penye majani na maji yaliyotulia, yaani pale pale unapochagua kulala. Kimelea kinapenya ngozi ndani ya dakika chache bila wewe kujua. Kama umezoea ziwa, nenda ukapime; dawa yake ni praziquantel, inapatikana.

Halafu kuelea kwa ziwani si kuelea kule anakouliza Karani. Maji yetu hayana chumvi. Ukilala chali miguu inazama taratibu, unajaza pumzi, unapigapiga viganja. Shingo ndiyo inayobeba kichwa, na shingo ndiyo inayomuuma.

Binti Ukerewe
Nilisoma Sweden, huko watu wanaelea kama sisi tunavyokwenda saluni. Nikueleze ilivyo, kaka Karani.

Unaoga kwanza, unaweka viziba masikio, unaingia mtupu. Kina hakizidi sentimita 30, lakini ukijilaza maji yanakusukuma juu kwa nguvu ambayo hukuitegemea. Yana joto la nyuzi 35 hivi, karibu sawa na la ngozi, kwa hiyo baada ya muda hujui mkono wako unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Mwanzoni nilichoka tu. Akili ilikuwa inapanga foleni ya kila kitu, ada, mama nyumbani, hadi sufuria niliyoacha jikoni. Shingo ilikataa kuachia. Imezoea kushika kichwa maisha yote, haiamini kama kazi imekwisha. Ikaja kuachia ghafla, nikasikia moyo wangu unapiga ndani ya masikio. Kutoka hapo saa ikapotea.

Kero ipo moja: tone likishuka kutoka kwenye paji likaingia jichoni, utamkumbuka Mungu. Weka taulo karibu, na usijipanguse kwa mkono uliolowa.

Fundi Pampu
Kwa nini ni ghali? Hesabu ni hii. Maji lita mia saba au mia nane yanabeba chumvi ya Epsom, ile ya haluli, karibu kilo 400. Lita moja inakuwa na uzito wa kilo 1.25 hivi, ndiyo maana huzami. Ongeza hita isiyolala, chujio na pampu kila mtu akitoka, na chumvi inayokula kila chuma inachokigusa. Kuna jamaa wa Capri Point aliniuliza kama tufunge moja hapa. Nikamwambia sawa, ila umeme ukikatika mteja akiwa ndani, atadhani giza ni sehemu ya huduma.

Mpiga Kasia
Hahaha! Na mlango je? Mimi chumba kidogo chenye giza siwezi.

Binti Ukerewe
Mlango haufungwi kwa nje, unausukuma tu. Ukitaka acha wazi, au washa taa ya ndani. Si jeneza, kaka.

Nesi Mkolani
Kwa upande wa faida, tusimtie Karani chumvi nyingi. Kitu hiki alikianzisha mtafiti wa ubongo, John C. Lilly, huko Marekani mwaka 1954, akitaka kujua ubongo unafanya nini ukinyimwa mwanga na sauti. Tiba ilikuja baadaye. Mwaka 2018 watafiti wa Tulsa, huko huko Marekani, waliwaelesha kwa saa moja watu 50 wenye wasiwasi, wengi wao wakiwa na sonona pia, na wasiwasi ukashuka waziwazi. Ila walipimwa siku ile ile, na hapakuwa na kundi la wagonjwa wasioelea la kulinganisha nalo. Kwa hiyo kutulia, ndiyo, kupona, tusiseme. Na habari kwamba magnesi, madini yaliyomo kwenye chumvi ile, inapenya ngozi na kukujaza mwilini, ushahidi wake ni mwembamba.

Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, ugonjwa wa figo au kidonda kibichi asiingie kabla ya kumwona daktari. Mvuke nao ni jasho na raha ya muda, na wenye presha wawe waangalifu.

Shingo yako, kaka, ningeipeleka kwa mtu wa masaji anayejua misuli, kisha upandishe kompyuta ilingane na macho. Tanki ni la usingizi na mawazo.

Karani wa Kirumba
Wabeja sana. Basi masaji hapa nyumbani kabla ya safari, tanki huko huko Cape Town mara moja nione. Ziwa nabaki nalo kwa macho. Kuna cha kujiandaa?

Binti Ukerewe
Usinyoe popote siku hiyo wala siku ya kuamkia. Utaungua mpaka ulie. Ukiwa na mchubuko, upake mafuta ya mgando. Kahawa acha, kula kidogo, na pitia msalani kabla ya kuingia.

Mpiga Kasia
Nesi, hiyo kupima kichocho ni siku gani?

Nesi Mkolani
Kesho asubuhi. Uje na choo kwenye kikopo, sio stori.