Kasi ni ileile, mbona matokeo hayafanani? Swali kuhusu kumpima mrushaji chipukizi wa besiboli

Swali, kutoka Indianapolis

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Indianapolis na huwa ninakwenda Victory Field kutazama Indianapolis Indians, timu ya daraja la AAA, ambalo ni ngazi ya mwisho kabla mchezaji hajapandishwa kwenda Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu. Mwezi Aprili 2024 nilibahatika kuketi nyuma ya mdakaji siku ambayo mrushaji chipukizi Paul Skenes alikuwa akirusha. Mpira ulipotua kwenye glavu ulitoa mlio mkavu, kama ubao uliopigwa kwa kiganja, na mpigaji mmoja alikunja magoti akidhani unamjia mbavuni, kumbe ulikuwa unapinda kurudi juu ya kibao, lile bamba la chini ambalo mpira hutakiwa kupita juu yake. Mwamuzi akaita straiki, yaani mrusho uliohesabiwa dhidi ya mpigaji (zikifika tatu anatoka), naye mpigaji bado ameinama.

Tangu hapo nimemfuatilia kijana mwingine katika uwanja huohuo. Ubao wa kasi unamwonyesha maili 98, 99, mara nyingine 100 kwa saa, yaani takribani kilomita 161, sawasawa na Skenes. Hata hivyo mipira yake inapigwa, na katika kila awamu huwapeleka watu bure kwenye kituo cha kwanza kwa kuwarushia mipira minne isiyo straiki. Watazamaji wenzangu wanasema ni nyota ajaye kwa sababu kasi haifundishiki. Je, watathmini wa kweli wanaangalia nini? Na kwa nini Skenes alikuwa akipumzishwa baada ya awamu 3 tu kati ya 9 za mchezo, ilhali hapakuwa na mtu aliyemweza?

Jibu la kwanza, kutoka Columbus, Ohio

Kaka, nimefundisha warushaji wa shule za sekondari kwa miaka kadhaa, na maskauti, yaani hao watathmini unaowauliza, wameketi mara nyingi kwenye benchi langu, kwa hiyo nitakueleza jinsi wanavyoandika ripoti zao. Kila ujuzi hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo wastani wa mchezaji wa ligi kuu, wala si wastani wa daraja analochezea kijana kwa sasa. Tena kila ujuzi hupata alama mbili: alivyo leo na anavyoweza kuwa akikomaa. Huyo kijana wako huenda ana 80 kwa kasi na 40 kwa udhibiti, na kazi yote ya skauti imo katika pengo lililo kati ya namba hizo mbili.

Kasi yenyewe imekuwa ya kawaida kuliko tunavyodhani. Wastani wa mpira wa kasi katika ligi kuu ni kama maili 94 kwa saa siku hizi, na mpigaji wa AAA amekwisha kuona maili 97 mara nyingi tangu ujana wake. Kutoka kilima cha mrushaji hadi kwenye kibao ni mita 18.44, na mpira wa kasi hiyo hufika kwa takribani sekunde 0.4. Mpigaji hana muda wa kufikiri, lakini ana muda wa kukisia, na akijua kwamba kinachokuja ni kilekile, atakisia vizuri.

Watu wengi wamesahau kwamba hata mpira wa kasi wa Skenes ulitiliwa shaka. Kabla ya drafti ya 2023, yaani zamu ya timu za ligi kuu kuchagua wachezaji chipukizi, wapo waliosema kwamba pamoja na kasi yake, umbo la mpira huo, yaani njia unayopita hewani, si la hatari sana. Mpira wa kasi ulio bora huzunguka kinyumenyume kiasi kwamba hauanguki upesi kama jicho linavyotarajia, na mpigaji hupitisha gongo chini yake. Wa Skenes haukuwa na sifa hiyo kwa kiwango cha kutisha. Kilichoniridhisha mimi ni kwamba alikuwa na slaida, mpira unaopinda kwenda kando, ya kumtoa mtu wakati wowote, na kwamba baada ya kuingia kwenye besiboli ya kulipwa alijiongezea mpira mpya, uliozaliwa kati ya sinka na splita (aina mbili za mipira inayozama), ambao watu wanauita splinka. Unakuja kwa takribani maili 94, ukifanana na mpira wa kasi, kisha unazama mwishoni. Mtu anayeweza kujifunza silaha kama hiyo akiwa tayari amechaguliwa wa kwanza nchini ana kitu ambacho ubao wa kasi hauwezi kukionyesha.

Kwa hiyo, kaka, usiutazame ubao. Mtazame mdakaji. Ona glavu alikoiweka kabla mpira haujarushwa, kisha ona mkono wake unasafiri umbali gani kuufuata. Kibao kina upana wa sentimita 43 tu. Kama glavu imewekwa kwenye ukingo wa nje na mpira unatua katikati, hiyo ni straiki kwenye kitabu cha mwamuzi, lakini katika ligi kuu ni mpira utakaorukishwa nje ya uzio.

Jibu la pili, kutoka Pittsburgh

Shikamoo mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu glavu, ila naomba kuliweka swali la mwili mbele zaidi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na ninaamini kwamba kumtathmini mrushaji bila kuuliza kiwiko chake kimebeba nini ni kumtathmini nusu.

Historia ya warushaji waliochaguliwa wa kwanza inaumiza moyo. Stephen Strasburg alichaguliwa wa kwanza mwaka 2009, akaanza ligi kuu tarehe 8 Juni 2010 dhidi ya timu yetu ya Pirates, akawatoa wapigaji 14 kwa straiki bila kumpa hata mmoja kituo cha bure. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, ule ambao Dkt. Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John. Strasburg alirudi na kuwa mchezaji bora wa fainali za 2019, lakini majeraha hayakumwacha. Mark Appel alichaguliwa wa kwanza mwaka 2013, na hakuonja ligi kuu hadi 2022, akiwa na umri wa miaka 30. Kwa upande mwingine, Jacob deGrom alichaguliwa wa 272 mwaka 2010. Chuoni alikuwa hasa mlinzi wa kati wa uwanja wa ndani, akageuzwa kuwa mrushaji, na akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, mwaka 2018 na 2019. Bega na kiwiko chake havikuwa vimechoshwa tangu utotoni, ingawa hata yeye kisu hakikumwepuka.

Sasa nirudi kwa Skenes na zile awamu 3. Mwaka 2023, akiwa Chuo Kikuu cha Louisiana State, alirusha awamu zaidi ya 122, akawatoa wapigaji 209 kwa straiki na kuiwezesha timu yake kutwaa ubingwa wa vyuo. Huo ni mzigo mzito kwa mkono wa kijana wa miaka 21. Pirates walitaka awe na nguvu hadi Septemba, kwa hiyo walimpa kazi kidogo kidogo na kumwongezea polepole. Waliokuwa wakilalamika uwanjani, nami nilikuwa mmoja wao, walifikiria mchezo wa siku ile tu. Alianza ligi kuu tarehe 11 Mei 2024, na msimu ulipokwisha alikuwa ameanza michezo 23, ameruhusu wastani wa alama 1.96 kwa kila awamu 9, na akawa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Kabla ya Louisiana alikuwa Chuo cha Jeshi la Anga, akidaka na kurusha pia, jambo ambalo kwa maoni yangu liliupumzisha mkono wake zaidi kuliko lilivyoucheleweshea maarifa.

Kuhusu kijana wako, angalia mwendo wake katika awamu ya kwanza na ya tano. Je, mguu wa mbele unatua mahali palepale? Je, kiwiko kinashuka anapochoka? Kasi ikibaki maili 99 huku mwendo ukibadilika, mimi sifurahi, naogopa.

Jibu la tatu, kutoka Dar es Salaam

Naongeza jambo moja. Msihesabu vituo vya bure bila kuuliza vilitokea lini. Mtazame akiwa amekwisha kukosea mara 2 mfululizo dhidi ya mpigaji mmoja, yaani amerusha mipira 2 isiyo straiki. Akirudi kwenye mpira wa kasi kila safari, wapigaji wameshamsoma, na hapo ndipo anapopigwa. Mwenye kuthubutu kurusha slaida wakati huo, na kuipitisha juu ya kibao, ndiye ninayemwamini.

Muulizaji

Nashukuru sana mwalimu, nashukuru dada na ndugu yetu wa Dar. Jana nilikwenda na daftari. Kwa wapigaji 9 wa kwanza nilitazama glavu peke yake: mipira 37, na mara 14 mdakaji alilazimika kuvusha mkono upande wa pili wa mwili wake. Alipokosea mara 2 mfululizo, ilitokea mara 5, alirudi kwenye mpira wa kasi mara zote 5, na mitatu kati ya hiyo ilipigwa kwa nguvu. Mguu wa mbele sikuweza kuuona vizuri kutoka nyuma ya mdakaji. Jumamosi nitanunua tiketi upande wa kituo cha tatu, kisha nitawaletea nilichokiona.