Mrejesho: Simu ya mama iliyovimba betri

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kama simu ya mama, iliyoanza kunyanyuka kioo upande mmoja, ingeweza kusukumwa hadi mwisho wa mwezi. Wengi mlinijibu: zima leo hii, usichaji tena. Nawashukuru kwa dhati.

Niliizima, nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Alipofungua mfuniko, betri ilikuwa imetuna kama mto mdogo, ukiigusa inabonyea. Hakuichokonoa kwa bisibisi. Aliilegeza gundi polepole kwa kadi ya plastiki, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda. Alinieleza kwamba ule uvimbe ni gesi inayotokana na kemikali za ndani zinapoharibika kwa joto, uzee au kuchajiwa kupita kiasi. Ndani, pande mbili za betri, chanya na hasi, zimetenganishwa na utando mwembamba mno. Ukitoboka, betri inajipasha moto yenyewe na kuwaka. Kumbe wale wanaotoboa kwa sindano "kutoa hewa" wanacheza na roho zao!

Nilikumbuka simu za Samsung Galaxy Note 7 za mwaka 2016, zilizoondolewa sokoni dunia nzima kwa betri kuwaka, na hizo zilikuwa mpya kabisa.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba mama alikuwa akiichaji usiku kucha chini ya mto. Sasa ina betri mpya, na anaichaji mezani, mchana, akiwa macho. Ile mbovu fundi amebaki nayo, ataikabidhi kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.