Tupeane uzoefu: kazi za usharika nje ya ibada, Unguja na Pemba

Karani wa Mnada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na majirani mnaopita humu, asalaam aleikum.

Kamati yetu ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, inakaa mwezi ujao kupanga kazi za mwaka, na mie ndiye niliyebebeshwa kalamu. Nimechoka kuandika "kutembelea wahitaji" kila mwaka. Nataka visa: mlifanya nini, kikaendaje, kikaharibikia wapi. KKKT, Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ukubwa wake uko bara. Huku sie tumo ndani ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani, wengi ni watu wa hoteli, askari na wafanyabiashara tuliovuka na boti, na mtaani tumezungukwa na Waislamu pande zote nne. Kinachokwenda Moshi kinaweza kukwama huku Mwanakwerekwe, Unguja.

Naanza. Mnada mnaujua: ibada ikiisha watu wanatoka nje, aliyekosa pesa kaleta mkungu wa ndizi, mayai, kuku, na mzee wa kanisa ananadi. Jumapili moja tulikuwa na jogoo mwekundu. Mama mmoja akamnunua kwa elfu kumi na tano, akasema "namzawadia mwinjilisti". Mwinjilisti naye akamrudisha mezani anadiwe upya. Muuza samaki kaegesha baiskeli getini, anatazama tu. Jogoo yule yule aliponadiwa mara ya tatu akashindwa kuvumilia: "Nyie, huyo kuku mnamuuza au mnamkodisha?" Watu hoi. Akataja elfu ishirini, akapewa jogoo, akamfunga kwenye baiskeli na kuondoka naye. Hakumrudisha! Pesa ikaingia mfuko wa diakonia. Siku hizi Jumapili nyingine huacha fungu la vibua kwa mlinzi: "Nadini na hili."

Haya, nyie je?

Binti wa Wete

Pemba sie wachache, Jumapili ikijaa sana ni mabenchi manne. Kisa changu ni cha aibu, lakini umekiomba.

Ramadhani moja tuliamua kufuturisha majirani. Kina mama tukapika pilau masufuria mawili makubwa, tukagawa nyumba kwa nyumba kwenye sahani zilizofunikwa vizuri. Zilirudi zimeoshwa, na shukrani tele. Asubuhi yake napita uani kwa jirani, nakuta kuku wanadonoa pilau langu, bizari na yote. Sikusema kitu. Niliumia, siwafichi.

Bibi wa nyumba ile akaniona. Akaniita, akanikalisha kibarazani. "Mwanangu, si dharau. Watu hawajui masufuria yenu yamepikia nini. Kurudisha ni kukutieni aibu, kula wanaona shaka. Leteni vibichi, tutapika wenyewe."

Ndiyo hivyo tu! Miaka yote hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Mwaka uliofuata tulikwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, akatutajia nyumba za wajane na wagonjwa, tukapeleka mchele, sukari, tende na unga wa ngano, vyote kwenye mifuko ya dukani haijafunguliwa. Jioni ya tatu tukaitwa sie kufuturu: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Msimu wa karafuu ulipoingia vijana wetu wakaenda kumsaidia yule bibi kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Hilo halikuwa kwenye mpango wa kamati yoyote. Vidole vilinukia karafuu mpaka ibadani.

Msoma Vitabu

Hilo la kuanzia kwa sheha ni la kale kuliko tunavyodhani. Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyekuwa ametumwa na chama cha Waanglikana, alitua Unguja Januari 1844. Alikwenda kwanza kwa Sayyid Said, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, ndipo akaelekea Mombasa kuanza kazi. Mji una mwenyewe.

Mpiga Kinanda

Langu fupi. Mazoezi ya kwaya saa mbili usiku, mwezi wa Ramadhani, spika imeelekea dirishani, msikitini watu wako kwenye tarawehe. Hakuna aliyekuja kugomba. Alikuja mzee mmoja kesho yake kuuliza kama kinanda kina kitufe cha kupunguza sauti. Tukahamisha mazoezi yakawa saa kumi alasiri.

Mshona Sare

Karani, ukiandika mradi wa charahani tafadhali nisome mpaka mwisho.

Tuliletewa charahani kumi na wafadhili, siwataji. Mpya, nzuri, za umeme zote. Chumba chenyewe kina soketi moja. Umeme ukikatika wanafunzi kumi wanakaa kutazamana, na ukiwapo tunapokezana kama foleni ya maji. Kosa la pili letu wenyewe: tuliweka darasa Ijumaa mchana kwa kuwa ndiyo siku mwalimu ana nafasi. Wasichana waliojiandikisha wengi Waislamu, Ijumaa mchana nani atakuja? Tukaanza kusemana kwamba "hawana mwamko". Mwamko upi, siku tumechagua wenyewe.

Kilichotuokoa ni charahani ya mguu, nyeusi, kuukuu, ya mama mmoja mtaani ambaye si wa kanisa. Aliileta kwa mkokoteni pamoja na yeye mwenyewe. Akakaa, akapiga kanyagio, akawaonesha wasichana kukata buibui bila kupoteza kitambaa. Akawa mwalimu wetu wa Jumanne na Jumatano. Mzunguko wa kwanza walimaliza sita. Wawili wanashona sare za skuli na madrasa nyumbani kwao, mmoja kaolewa Pemba kaondoka na ujuzi wake, watatu sijui habari zao vizuri.

Kijana wa Masika

Mwanakwerekwe maji yakijaa mnajua hali inavyokuwa. Mwaka mmoja yaliingia madrasa ya jirani, vijana wa kipaimara, tunaofundishwa imani kanisani, tukakimbia kusaidia. Nikanyoosha mkono kwenye rafu ya misahafu, ustadhi akanishika bega, kwa upole kabisa: "Hiyo tuachie wenye udhu. Nyie bebeni mikeka na ubao." Ubao ulikuwa mzito kuliko misahafu yote! Vitu vikawekwa kwenye ukumbi wetu siku tisa, na watoto wakasoma humo humo. Tuliondoa picha moja ukutani, tukairudisha baadaye. Kuna mzee alinung'unika kuhusu ile picha, mchungaji akamwambia Yesu hakai ukutani.

Wembe na Mkasi

Mie napingana kidogo na hizi kazi za bango. Tulikwenda nyumba moja ya wazee na katoni za sabuni na kitambaa kirefu chenye jina la usharika, wazee wakapangwa jua kali wapigwe picha. Mmoja akanivuta shati. "Sabuni tunayo kabati zima. Una kikatia kucha?" Kucha zake za miguu zilikuwa zimepinda kama pembe, hafiki kwa mgongo. Sikuwa nacho. Nilirudi Jumamosi peke yangu na beseni, maji ya moto na mkasi, nikaroweka kwanza, ikachukua saa nzima miguu ya mtu mmoja. Wakapanga foleni. Sasa tuko wanne, hatuna bango, na kuna mzee hutushinda mchezo wa bao kila tukienda.

Jirani wa Ukuta Mmoja

Wa aleikum salaam. Mie Muislamu, mmeniita tangu juu basi nami nina changu.

Alipofariki mama, kabla sijatafuta turubai nikakuta watu wa kanisa wanashusha mabenchi yao mlangoni kwangu. Kina mama wao waliingia ndani na kanga zao, wakamenya vitunguu hadi usiku. Sikuomba. Basi mzee wao mmoja alipofariki, kwao Machame, Kilimanjaro, maiti inatakiwa ivuke na boti ya asubuhi, sie mtaa mzima tukachanga, na vijana tukaenda kubeba toka gari hadi gatini. Wao wameshika mbele, sie nyuma. Wenyewe wanaimba, na wimbo wao una mwendo wa polepole. Sie jeneza tumezoea kulipeleka mbio. Mbele wanavuta breki, nyuma tunasukuma, sanduku linayumba. Mwinjilisti akageuka, jasho linamtiririka: "Jamani taratibu, boti saa moja!"

Karani wa Mnada

Nimenakili yote. Mshona Sare, yule mama wa charahani ya mguu anaweza kuja kikaoni Jumamosi? Nauli ya daladala juu yetu.