Njombe au Makambako, tuhamie wapi na watoto?

Wakuu, mimi na waifu tunahama Dar na watoto wawili, tumebakiwa na Njombe mjini au Makambako. Nataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi ila dogo ana pumu, naombeni ushauri.

— Makambako mkuu. Pale ndo njia panda, magari ya Iringa, Mbeya na Songea yote yanapita hapo, reli ya TAZARA nayo ina stesheni, mzigo haulali.

— Biashara sawa, ila upepo na vumbi lile na dogo ana pumu? Njombe kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, japo baridi ya Juni na Julai utalala na sweta aisee.

— Kaa Njombe, duka weka Makambako, ni kama kilomita 60 lami tupu.

— Kila siku na ukungu ule wa asubuhi? Thubutu!