Kufuatilia wachezaji jukwaani papo kwa papo: nibadilishe kamera au programu?

Kibao_Kata

Wakuu, salaam. Nahitaji ushauri wa kiufundi.

Jukwaa ni mita 8 kwa 6, wachezaji ngoma watano, projekta inamwaga picha sakafuni. Kila mchezaji anatakiwa afuatwe na duara la mwanga miguuni popote aendapo. Kamera itafungwa kwenye bomba la taa, mita 5 juu ya sakafu, ikitazama chini. Laptopu ni Core i5 kizazi cha 8, ramu GB 16, haina kadi ya picha ya ziada. Chumba cha mitambo kiko mita 25 kutoka jukwaani.

Kwa sasa ni webukamu ya 1080p na MediaPipe (programu ya akili bandia inayotambua viungo vya mwili). Taa zikipunguzwa picha inakwamakwama, duara linachelewa, na wakati mwingine programu inafuata picha ya projekta badala ya mtu. Nimeshauriwa Kinect ya mtumba (kamera ya Microsoft inayopima umbali wa vitu), mwingine kasema kamera za CCTV za IP (zinazotuma video mtandaoni) kwa kuwa zinapatikana kila duka. Ipi itafaa? Au tatizo ni programu?

---

FundiLenzi

Mkuu, programu iache kwanza. Dalili nyingi ulizotaja zinaanzia kwenye mwanga na kamera.

Webukamu inajipangia yenyewe muda wa shata, yaani muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu. Giza likiingia inaurefusha, na fremu 30 kwa sekunde zinashuka hadi 15. Mtu anayekimbia mita 3 kwa sekunde anaruka sentimita 20 kati ya fremu moja na inayofuata, tena akiwa amejaa ukungu. Hakuna programu ya kurudisha kilichopotea hapo. Na kufuata picha ya projekta ni haki yake: kamera inaona mwanga uleule unaoonwa na watazamaji, basi kikisogea chochote ni halali yake.

Dawa ni kuhamia infraredi ya nanomita 850, mwanga ambao watazamaji hawauoni. Projekta na taa za LED za jukwaani hazitoi kiasi cha maana cha mwanga huo, kwa hiyo kamera itamwona mtu tu. Angalizo: taa za halojeni zinatoa infraredi nyingi sana. Kama ukumbi bado unazo, zisielekezwe kwenye eneo la kuchezea.

Tafuta kamera ya USB ya rangi moja yenye kihisi cha OV9281. Ni pikseli 1280 kwa 800, inafika fremu 120 kwa sekunde, na inanasa fremu nzima kwa mpigo mmoja badala ya kuifagia mstari kwa mstari, hivyo mkono unaokwenda kasi haupindi. Lenzi yake ni ya kuzungusha, saizi M12. Unapoagiza taja kwamba unataka lenzi isiyo na kichujio cha kuzuia infraredi, halafu weka kichujio kinachopitisha 850 pekee. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua kamera sahihi na lenzi inayozuia mwanga wanaouhitaji, kisha wanalalamika kuwa picha ni nyeusi.

Urefu wa lenzi usiubahatishe. Kihisi hicho kina upana wa milimita 3.84 na kimo cha 2.4. Zidisha upana wa kihisi kwa umbali, gawa kwa upana wa jukwaa: 3.84 × 5 ÷ 8 = milimita 2.4. Lakini kwa kina cha jukwaa, 2.4 × 5 ÷ 6 = 2.0. Inashinda namba ndogo, na ukiweka nafasi kidogo pembeni unaishia kwenye lenzi ya 1.8. Sakafuni itaona takriban mita 10.7 kwa 6.7.

Taa chukua zile za infraredi za CCTV za volti 12, nne, moja kila kona, zikitazama chini na ndani. Zina kihisi kidogo cha mwanga kinachoziwasha giza likiingia tu. Kizibe kwa utepe mweusi, la sivyo taa za jukwaa zikipanda zako zinazimika katikati ya onyesho. Mavazi nayo yapimwe mapema: kitambaa cheusi kwa macho kinaweza kung'aa kabisa kwenye infraredi, na cheupe kikafanana na sakafu. Peleka kila vazi chini ya kamera kabla fundi cherehani hajamaliza kazi.

Muda wa shata ufungie kwenye milisekunde 4. Kwa mita 3 kwa sekunde ukungu unabaki sentimita 1.2. Kwenye Linux:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 -c auto_exposure=1 -c exposure_time_absolute=40`

Hiyo 40 inahesabiwa kwa vipande vya mikrosekunde 100. Kwenye Windows kupitia OpenCV (maktaba ya kuchakata picha), thamani ya -8 inakupa karibu muda huohuo.

---

Dada_Waya

Kuhusu CCTV na Kinect, kwa ufupi.

Kamera ya IP inabana video kwa H.264, inaituma mtandaoni, na mpokeaji anaihifadhi kidogo kabla ya kuifungua. Kuchelewa nusu sekunde ni jambo la kawaida. Kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, duara liko mita moja na nusu nyuma ya mtu. Kwa ulinzi haina neno. Kwa ngoma ni kichekesho. Duka la CCTV liendee kwa ajili ya zile taa tu.

Kinect ya pili inapima kina hadi mita 4.5, wewe uko mita 5. Hata ukihesabu vichwa tu, mita 3.3 kutoka kamerani, pembe yake ya nyuzi 70 inakupa upana wa mita 4.6. Nusu ya jukwaa iko nje. Mifupa inayochora imefundishwa kwa watu wanaotazamwa kwa mbele, si utosini. Na haitengenezwi tena. Ikifa siku ya onyesho umekwama. Huohuo utosi ndio unaoitesa MediaPipe yako.

---

MzeeWaTerminal

Nakubaliana na FundiLenzi, naongeza upande wa programu. Kwa kamera ya juu na duara la miguuni huhitaji akili bandia ya kutambua viungo. Unahitaji madoa: kipi kimeongezeka juu ya sakafu tupu.

Python na OpenCV zinatosha, na ni huria. Punguza picha hadi 640 kwa 400. Kila pikseli sakafuni itakuwa kama sentimita 1.7. Pitisha kwenye `createBackgroundSubtractorMOG2`, inayotenganisha sakafu na kilichoongezeka juu yake. Mambo mawili hapo yanawaangusha watu. Kwanza, utambuzi wa kivuli umewashwa tangu mwanzo na kivuli kinatoka kwa thamani ya 127, hivyo kata kwa kizingiti cha 200 au weka `detectShadows=False`. Pili, `history`, yaani fremu inazojifunzia sakafu, ni 500. Kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni sekunde 8 na kidogo. Mchezaji akipiga magoti akatulia, programu inaanza kumhesabu kuwa sehemu ya sakafu na duara linatoweka. Ifundishe jukwaa tupu kwa sekunde 10, kisha weka `learningRate=0` onyesho zima. Kwa mwanga wa kawaida usingethubutu. Kwa infraredi isiyobadilika inakubali.

Baada ya hapo safisha kwa kerneli (dirisha dogo la pikseli) ya 3×3, ziba matundu kwa 9×9, tafuta mipaka kwa `findContours`, na doa lenye chini ya pikseli 300 litupe.

Sasa jambo ambalo halionekani mpaka projekta iwashwe. Kamera iko mita 5, kichwa kiko mita 1.7 kutoka chini. Mtu akisimama mita 3 kutoka katikati kwa upande wa upana, kichwa chake kwenye picha kinaangukia mahali ambapo sakafuni ni mita 4.5. Ukichukua katikati ya doa, duara litamkimbia kuelekea ukingoni, na kadiri anavyokwenda pembeni ndivyo linavyozidi kumkimbia. Teremsha timazi kutoka kwenye lenzi, weka alama pale inapogusa sakafu, ipate alama hiyo kwenye picha. Kwa kila doa, chukua pikseli iliyo karibu zaidi na alama hiyo. Hiyo ndiyo miguu. Ni mistari mitatu ya msimbo, na inaponya kosa ambalo wengine wanalipigania kwa kamera ghali.

Lenzi ya 1.8 inapinda kingo, kwa hiyo nyoosha picha kwa `calibrateCamera` na ubao wa dama uliochapishwa kabla ya kulinganisha na projekta. Kulinganisha ni alama nne za utepe kwenye pembe za sakafu na `getPerspectiveTransform`.

Kama kuandika msimbo si kazi yako, Isadora, programu ya kuendesha picha za jukwaani, ina vifaa vya madoa tayari na watu wa jukwaani wanaizoea haraka. TouchDesigner, nyingine ya aina hiyo, ni nzuri zaidi kwa michoro, lakini toleo la bure linaishia pikseli 1280 kwa 1280, haliruhusiwi kwa kazi ya malipo, na linataka kadi ya picha ambayo huna.

---

Kibao_Kata

Shukrani sana wakuu. Nimebaki na mawili. Zile mita 25 hadi chumba cha mitambo nizivukeje? Na wachezaji wakikumbatiana halafu wakaachana, madoa yanaungana, kila mmoja anarudi na rangi ya mwenzake.

---

Dada_Waya

Video usiisafirishe. USB 2.0 inaishia mita 5, na viunganishi vya kuongeza urefu ni chanzo cha kamera kukatika bila onyo. Weka kompyuta ya kufuatilia pembeni ya jukwaa, karibu na kamera, itume namba tu kwa OSC (lugha ya kutumiana ujumbe mfupi kati ya programu) kupitia kebo ya mtandao, inayovumilia mita 100. Ujumbe kama `/mchezaji/3` wenye x na y ni baiti chache. Wi-Fi iepuke hata kama mazoezini imefanya vizuri. Ukumbi ukijaa simu 200 utaona tofauti.

---

MzeeWaTerminal

La kuungana halina dawa kamili kwa kamera moja ya juu. Linganisha kila doa jipya na mahali unapotarajia kila mtu awe kwa kasi yake ya mwisho, kisha gawa kwa kanuni ya Hungarian, inayotafuta mgawanyo wenye jumla ndogo zaidi ya umbali. Ndani ya scipy, maktaba ya Python, kazi hiyo inafanywa na `linear_sum_assignment`. Hiyo inaokoa wanaopishana wakiendelea na mwendo wao. Waliokumbatiana na kusimama, wakiachana ni bahati nasibu. Njia rahisi ni kukaa na mtunga ngoma: pale wanapoungana, maduara yote yageuke rangi moja, yakitoka yawe na rangi mpya kwa wote. Ukihitaji kweli kujua nani ni nani, shona kipande cha utepe unaorudisha mwanga mabegani, kila mmoja umbo lake.

Kuhusu duara kuchelewa: usilainishe kwa wastani wa fremu kumi, huo wenyewe ni mzigo wa kuchelewa. Tumia kichujio cha One Euro, kinacholainisha zaidi mtu akitulia na kidogo akienda kasi, anza na `mincutoff` 1.0 na `beta` 0.007, panda na beta mpaka duara liache kuburuzika. Halafu pima. Rekodi kwa simu kwenye fremu 240, mtu apige mguu ghafla pembeni, hesabu fremu kati ya mguu kuanza na duara kuanza. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Ukipata 20, mfumo mzima unachelewa milisekunde 84, na kwa mita 3 kwa sekunde hiyo ni sentimita 25. Sogeza duara mbele kwa kasi ya mtu mara muda huo, lakini tumia asilimia 70 tu ya jibu. Ukitumia yote, mchezaji akisimama ghafla duara linampita kisha linarudi, na jicho linaona hilo haraka kuliko lilivyokuwa linaona kuchelewa.

---

FundiLenzi

Kabla ya kupima, ingia kwenye menyu ya projekta uzime marekebisho ya umbo la picha na maboresho yote ya rangi, na uwashe hali ya michezo kama ipo. Unaweza kukuta sehemu kubwa ya zile milisekunde ilikuwa imekaa humo.