Tupeane uzoefu: mliojifunza kutengeneza disco house, sampo (kipande unachokata kwenye wimbo wa mtu) iliwatesaje?

Kinanda_Kibovu: Wakuu salama? Jana nipo kwa muuza chipsi redio ikapiga ule wimbo wa Stardust, kundi la Wafaransa, wa 1998, nikakumbuka enzi nalala na hedifoni kichwani natafuta kile kigitaa kinachojirudia mwanzo mwisho. Kumbe ni kipande kidogo tu cha wimbo wa Chaka Khan wa 1981, wamekikata wakakizungusha. Nikaona rahisi, nikaingia FL (programu ya kutengeneza biti) na disko yangu ya zamani, nikaweka kiki, ile dramu nzito, juu, ikatoka kama watu wawili wanagombania mlango mmoja. Nyie mlitokaje hapo?

mama_bezi: umenigusa mkuu, yaani hapo hapo

FundiRedio: Ugomvi ni bezi. Sampo imekuja na kiki na bezi zake, na wewe unaongeza zako. Kata sauti zote za chini kwenye sampo kuanzia 150 Hz kushuka, halafu piga bezi yako mwenyewe. Kisha weka saidicheni, kiki ikigonga sampo inainama, ikipita inainuka. Ndio maana hizi nyimbo ukizisikiliza zinahema.

Mbishi wa Mbagala: 150?? Utabaki na redio ya mkulima. Kata 80 inatosha.

FundiRedio: Sawa, masikio yako yamezoea spika za bodaboda.

mama_bezi: Na wale wapiga dramu wa disko walikuwa watu sio mashine, tempo inapanda inashuka. Ukiweka projekti kwenye tempo 122 ukaacha luupu (sampo inayojirudia) itembee yenyewe, baada ya bar chache (bar moja ni mapigo manne) ishatoka nje. Kata kila bar peke yake uipange upya.

Sinza_Kumekucha: Ngojeni niwape ya kwangu. Nilikuwa natumia laptopu ya kaka'angu, mtoto wa mama mkubwa, nimekaa na biti moja miezi, sampo nimeikata vipande nikavipanga upya kwa kibodi hadi mwenye wimbo asingeijua, filta (ile inayoziba na kufungua sauti) inafunguka taratibu bar 16 halafu haihati, lile tasa la dramu, inaingia katikati ya kiki na kiki, nikiisikiliza nacheza peke yangu chumbani. Narudi kutoka msibani Moro laptopu haipo, bro kaiuza, eti mwenye nyumba alikuwa anamsumbua kodi. Sikumfokea, ni mkubwa wangu. Mwaka uliofuata nipo baa Sinza nasikia filta inafunguka. Nikasema siyo. Haihati ikaingia. Wakuu nilisimama na chupa mkononi, juu yake jamaa anaimba mambo ya "beibi njoo" na watu wanaicheza biti yangu! Nikamfuata diijei, "zima, hii ni yangu", akaniuliza umelewa bro? Mara baunsa huyo anakuja...

mama_bezi: Usikate hapo!!

kaka_wa_watu: Halafu?

Sinza_Kumekucha: Nilitolewa nje kistaarabu tu.

Mbishi wa Mbagala: Chai hii. Mtu akinunua laptopu si anapiga windo upya?

Sinza_Kumekucha: Sio wote. Huyo alikuta FL ina projekti humo akaona zali limemwangukia.

FundiRedio: Hata kama ni kweli, unalia umeibiwa ulichoiba? Modjo, Wafaransa wengine, mwaka 2000 walichukua gitaa la Chic la 1982, lakini Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic wameandikwa watunzi wa ule wimbo. Wewe ulimwandika nani?

Sinza_Kumekucha: Nimekata mwenyewe usiku kucha, kazi yangu.

kaka_wa_watu: Pigeni gitaa wenyewe yaishe. Rekodi chodi, zichafue kidogo, uzikate kama sampo, hakuna wa kukudai.

Mbishi wa Mbagala: Gitaa bei gani lakini? Ibeni tu, Mmarekani hawezi kukufuata Buza.

mama_bezi: Hakufuati Buza, anakufuata mtandaoni. Wangu niliupandisha usiku, asubuhi umefutwa.

Kinanda_Kibovu: Jamani mbona mmehama, mimi nauliza kiki.

FundiRedio: Badilisha kiki, weka fupi.

Mbishi wa Mbagala: Usibadilishe, shusha sampo.

kaka_wa_watu: Badilisha hedifoni kwanza. Na wewe wa Sinza, ule wimbo unaitwaje tuusikilize?

Sinza_Kumekucha: Siutaji, msije mkamwongezea watazamaji yule mwizi.