Msalaba wa darubini ya raifo una ukungu lakini mti wa mbali naona safi. Ni darubini au ni macho?

Mkulima_Sikonge
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaozijua darubini za bunduki. Nina raifo ya risasi aina ya .30-06 yenye vibali vyote, juu yake darubini ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40) iliyotumika, kitabu cha maelezo hakuna. Nikichungulia, mti ulio mbali naona safi hadi mipasuko ya gome, ila msalaba wa ndani wa kulengea una ukungu, kama mistari miwili iliyopandiana. Nikikaza jicho unanyooka kidogo, halafu unarudi vilevile na jicho linaanza kuuma. Jamaa wa miaka 26 kachungulia hapo hapo anasema iko sawa kabisa.

Mimi nina miaka 48. Mbali naona bila miwani, kusoma navaa +1.75. Darubini haina kitufe cha pembeni cha kupangia umbali, ina viwili tu vya kusogezea msalaba, cha juu na cha kulia, pamoja na ringi ya zumu. Niko Sikonge, na kwa Tabora hii fundi wa vitu hivi simjui. Nianzie wapi?

Tumbaku_Dhahabu
Ngoja waje wajuzi.

Kapanda_Juu
Rahisi mkuu. Lenga mti, shika ringi ya nyuma kabisa, zungusha hadi mti uwe safi. Kwisha habari.

Fundi_Lenzi
Hapana, hapo unampoteza mwenzako. Ringi ya nyuma haikuwekwa kwa ajili ya mti wala mnyama. Kazi yake ni moja, kuuleta msalaba ulingane na jicho la mwenye bunduki. Ukiizungusha huku unatazama mti, jicho linapatana na mti, msalaba unaachwa na ukungu wake.

Mleta mada, kwa dalili hizo darubini yako ni nzima. Msalaba umekaa mahali pamoja ndani ya bomba, na lenzi ya nyuma ndiyo inayoukuza na kuufikisha jichoni. Lenzi hiyo ikiwa imeingia ndani mno, msalaba unafika kana kwamba uko karibu, na jicho linalazimika kujikaza kama linavyofanya wakati wa kusoma. Jamaa wa miaka 26 lenzi ya ndani ya jicho lake bado laini, anajikaza bila kujua, kwa hiyo anakwambia iko sawa. Ya kwako imeshakuwa ngumu, ndiyo maana unavaa +1.75. Kwa kazi hii umri wako ni faida. Jicho lako haliwezi kukudanganya kama la kwake.

Sasa kazi yenyewe. Toa risasi zote, chomoa bolti (komeo la kufungia risasi) uiweke pembeni, laza bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga. Zumu ipeleke 9. Elekeza kwenye anga jeupe upande usio na jua, au ukuta uliopakwa chokaa ulio mbali. Jua usilitazame hata kwa bahati mbaya, darubini inakusanya mwanga na jicho linaungua mara moja. Tunataka mahali patupu ili jicho lisipate kitu kingine cha kung'ang'ania.

Angalia una aina gani. Zile za zamani zina ringi nyembamba ya kufungia, na nyuma yake nyumba nzima ya lenzi inazunguka kwa uzi mwembamba sana. Legeza ringi kwanza, halafu zungusha mzunguko mzima mmoja au miwili kila mara, kwa sababu robo mzunguko huwezi kuona tofauti. Nyingi za kisasa hazina ringi ya kufungia, sehemu ya mwisho tu ndiyo inayozunguka na mara nyingi ina alama za + na −. Hizo robo mzunguko ni kubwa. Kwa aina zote mbili, ikigota usilazimishe. Ukivunja mpira wa kuzuia hewa, gesi ya ndani inatoka, unyevu unaingia, na ukungu utakaoupata hapo haufutiki kwa kitambaa.

Anza kwa kuitoa nje, upande wa +. Nyingi hutoka kwa kuzungusha kinyume cha saa. Itoe mpaka msalaba uharibike kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaanzia upande wa ndani. Ukianzia ndani, jicho linajikaza, linakwambia "tayari" kabla hapajawa tayari, halafu baada ya dakika mbili za kulenga unaona hayo maumivu unayoyasema. Ukianzia nje, kujikaza hakusaidii kitu, kwa hiyo ukungu unaouona ni wa kweli.

Kisha tazama mti wa mbali kwa macho matupu, sekunde kumi hivi, jicho lilegee. Chungulia darubini kwa sekunde mbili, tatu zikizidi. Msalaba una ukungu? Ondoa jicho, zungusha kidogo kuelekea ndani, tazama mbali tena, chungulia tena. Usizungushe huku unachungulia, na usikazie macho. Pale msalaba unapokuwa mweusi na mkali mara tu jicho linapofika, bila kusubiri, simama. Ndipo pako. Kaza ringi ya kufungia, weka nukta ya rangi ya kucha juu ya ringi na bomba, ikisogea utajua.

Miwani ya kusomea ivue. Hiyo ni ya kitu kilicho karibu, na ukiinua uso kutafuta mnyama bila darubini hutaona vizuri.

Kapanda_Juu
Nimekupata mkuu. Lakini mbona mti wake ulikuwa safi kama ringi ilikuwa imekosewa?

Miombo_Ugalla
Nijibu hiyo. Picha ya kitu cha mbali na msalaba haviangukii mahali pamoja ndani ya bomba, ila kwa umbali mmoja tu. Darubini isiyo na kitufe cha pembeni kiwanda kimeipangia umbali huo, na kwa hizi za raifo kubwa aghalabu ni yadi 100, yaani mita 91. Mti wa mbali zaidi ya hapo picha yake inaweza kuwa safi kwa jicho lako huku msalaba ukiwa bado. Zumu ikiwa juu ndivyo tofauti inavyoonekana.

Kwa hiyo mleta mada, ukimaliza alichoeleza Fundi, pima na hili. Weka boksi lenye doa jeusi mita 91, bunduki itulie kwenye mchanga usiishike, kisha sogeza kichwa juu na chini kidogo. Msalaba ukibaki juu ya doa, vizuri. Ukielea, huo ndio upalaksi, na ringi ya nyuma haiutibu. Isikutie hofu lakini. Kwa lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyopangwa mita 91, ukipiga mita 200 jicho likiwa pembeni kabisa unapotea kama sentimita 2.4. Shavu likikaa pale pale kwenye kitako ni pungufu ya hapo. Wenye kitufe cha pembeni wao waanze na ringi ya nyuma, kitufe baadaye. Ukibadilisha utaratibu huo unapata mnyama safi na msalaba unaotembea, na namba zilizoandikwa kwenye kitufe usiziamini kuliko kichwa chako unachosogeza.

Na saa ya kupima ni asubuhi, saa moja hadi mbili na nusu. Huku kwetu mwezi wa tisa moshi wa moto wa porini umetanda, na saa sita hewa juu ya mbuga inachemka. Boksi litacheza tu, utalaumu lenzi bure.

Nyongeza kwa wanaolenga jioni: usiache zumu kwenye 9. Gawanya 40 kwa 9, mwanga unaotoka nyuma una upana wa milimita 4.4 tu. Kwenye 6 unapata 6.7, picha inang'aa zaidi na jicho halihangaiki kutafuta mahali pa kukaa. Msalaba uliopangwa kwa 9 utabaki safi kwenye 6. Kinyume chake hakuna uhakika.

Mkulima_Sikonge
Shukrani sana wakuu. Nimefuata yote, ilikuwa imeingia ndani mno kweli. Sasa mstari wa kusimama ni mweusi kama wino, lakini wa kulala una ukungu kidogo. Nikizungusha ringi, wa kulala unakuwa safi, wa kusimama unaharibika. Vyote viwili kwa pamoja nakosa.

Miwani_Kwanza
Hapo sasa ni jicho. Uso wa mbele wa jicho lako haukuvimba sawa pande zote, kwa hiyo mistari ya pande mbili haipati mahali pamoja. Ringi inasogeza vyote kwa pamoja, haiwezi kurekebisha upande mmoja.

Kuhakikisha: bunduki ibaki pale pale, wewe inamisha kichwa kuelekea begani polepole. Ukungu ukihamia mstari mwingine kadiri kichwa kinavyolala, tatizo ni jicho. Ukibaki kwenye mstari ule ule, ni darubini, na hapo ringi haina dawa. Wenye msalaba wa taa nyekundu wataiona hali hii mapema zaidi, nukta inaota miiba. Kupunguza mwanga wa taa kunasaidia ila hakuondoi.

Nenda kapime macho, hapo hospitali ya Kitete, Tabora mjini, au penye kliniki ya macho yoyote, mwambie mpimaji unahitaji kuona mbali kwa jicho la kulengea. Kwenye karatasi tazama palipoandikwa CYL, ndicho kipimo cha hitilafu hiyo. Ya 0.50 wengi wanaishi nayo bila kujua, ikikaribia 1.00 mistari inagombana kama hivi. Agiza miwani ya mbali tupu, lenzi ya plastiki ngumu, kioo hapana. Usikubali ile ya kuona mbali na karibu kwa pamoja. Ukilala kifudifudi unatazamia kona ya juu upande wa pua, na kwenye nyingi za aina hiyo pembeni picha inapinda. Chagua fremu pana inayokaa juu usoni.

Miwani inakula sentimita 1 na kitu kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Kama sasa una sentimita 9, itabaki chini ya 8 hadi kwenye kioo cha miwani, na kwa teke la .30-06 ni ndogo. Legeza ringi za kushikia, isogeze darubini mbele, uishie kabla kivuli cheusi hakijaanza kuonekana pembeni ukiwa umeweka shavu kawaida, nyoosha msalaba, kaza skrubu kwa zamu. Baada ya hapo upange upya ringi ya nyuma ukiwa umevaa miwani, futa nukta ya zamani, na upige risasi za kulinganisha upya, kwa sababu umeigusa darubini yote.